Kabla ndege ya wagonjwa haijatua: mwongozo wa usalama kwa wahudumu wa afya, madereva na ndugu wa mgonjwa

Ndege ya wagonjwa huja na rubani wake, muuguzi au daktari wake na mitungi yake ya oksijeni. Hata hivyo, mambo mengi yanayoifanya safari iwe salama au ya hatari huamuliwa na watu ambao hawapandi: tabibu anayepiga simu, muuguzi anayemfunga mgonjwa kwenye machela, dereva anayesogeza ambulensi, na kijana anayefukuza mbuzi uwanjani. Mwongozo huu ni wao. Umeandikwa kwa hali ya Kenya na Tanzania, ambako ndege nyingi za aina hii huanzia uwanja wa Wilson jijini Nairobi. Madaktari wa Amref wamekuwa wakiruka kwenda vijijini katika ukanda huu tangu mwaka 1957.

Hakikisha kampuni kabla ya kuhakikisha bei

Kisheria, ndege ya wagonjwa ni ndege ya biashara kwanza. Kwamba ndani yake yupo mtu mahututi hakuiondolei sharti hata moja la usalama. Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinaweka viwango vya uendeshaji wa ndege, na kila nchi huvisimamia kwa kanuni zake: Kenya kupitia mamlaka yake ya usafiri wa anga, KCAA, Tanzania kupitia yake, TCAA. Kwa hiyo uliza maswali haya, na usione haya kuyauliza.

Je, kampuni ina cheti cha uendeshaji wa ndege (AOC) kilicho hai, na je, kusafirisha wagonjwa kumeorodheshwa kwenye vibali vyake? Je, kitanda cha mgonjwa kimeidhinishwa kufungwa kwenye aina ile ya ndege, au ni machela ya kawaida iliyofungwa kwa kamba? Je, wahudumu wanaokuja wamefunzwa tiba ya angani? Kampuni yenye ithibati ya EURAMI ya Ulaya au CAMTS ya Marekani imekaguliwa na watu wa nje kwa upande wa tiba, na hilo ni jema, ila ithibati hiyo haichukui nafasi ya AOC.

Kuna jambo linalotokea mara kwa mara na watu hulifanya kwa nia njema. Rubani anayefahamika, mwenye ndege ndogo ya binafsi, anaombwa "amsaidie mgonjwa" na familia inamlipa. Ndege yake haina kitanda kilichoidhinishwa wala mtungi uliofungwa, na likitokea la kutokea bima inaweza kukataa kulipa kwa sababu safari ilikuwa ya biashara isiyo na kibali. Mkatalie kwa heshima.

Simu ya kwanza: saa, uzito na mahali

Andika majibu kwenye karatasi kabla ya kupiga. Utaulizwa hali ya mgonjwa, dawa alizopewa na hospitali inayompokea. Usipige simu ya ndege kabla daktari wa hospitali ya pili hajakubali kumpokea, na andika jina lake. Mgonjwa aliyefika Wilson bila kitanda kinachomsubiri hubaki kwenye ambulensi huku oksijeni ikiisha.

Sasa saa. Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotutega. Ukisema "saa tatu", wewe unamaanisha 9:00 asubuhi, lakini msikilizaji aliyezoea saa za Kiingereza anaweza kuandika 15:00. Marubani nao huandika saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa 3. Saa nne asubuhi ya Lodwar ni 10:00 kwa saa za Kenya na 07:00 kwa UTC: tarakimu tatu tofauti kwa dakika ileile. Ikiwa ndege inatoka Goma, Bukavu, Kigali au Bujumbura, huko saa za mahali ziko nyuma yetu kwa saa 1. Dawa ni kutaja saa kwa tarakimu nne na jina la saa: "sifuri tisa sifuri sifuri, saa za Tanzania", kisha mwombe mwenzako aisome tena.

Viwanja vingi vya vijijini havina taa, hivyo machweo ndiyo mwisho wa kazi. Usikadirie kwa mazoea ya mahali ulikosomea. Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini Mafia jua huzama takriban dakika 40 kabla ya Kigoma. Rubani anahitaji mwanga wa kutua, kupakia na kuondoka, na upakiaji wa mgonjwa mahututi mara nyingi hula nusu saa au zaidi. Simu inayopigwa saa kumi jioni kwa mgonjwa aliyekuwa mbaya tangu asubuhi imeshachelewa.

Uzito upimwe kwa mizani: mgonjwa, msindikizaji na mzigo, kila kimoja peke yake. Kwenye Cessna Caravan inayoondoka kwenye uwanja mfupi wa nyanda za juu mchana wa jua kali, hewa ni nyepesi, injini na mabawa hupoteza nguvu, na kilo 60 ambazo hazikutajwa zinaweza kuwa ndizo zilizobaki kati ya kupaa na kuvamia miti ya mwisho wa uwanja. Msindikizaji ni mmoja. Waeleze ndugu hilo wakiwa bado nyumbani, maana ubishi mlangoni mwa ndege humchelewesha mgonjwa.

Mambo mengine ambayo rubani lazima ayajue mapema: kama mgonjwa ana ugonjwa wa kuambukiza kwa hewa kama kifua kikuu, na kama amechanganyikiwa au ana fujo. Mtu anayeweza kuruka kutoka kitandani ndani ya ndege ndogo ni hatari kwa wote waliomo. Daktari wa ndege ataamua kama apewe dawa ya kumtuliza kabla ya kupanda.

Angani hewa hutanuka: iondoe mahali isipotakiwa

Kadiri ndege inavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua na kila gesi iliyofungiwa hutanuka. Kwenye urefu wa mita 2,400, ambao hali yake ya hewa ndiyo ya kawaida ndani ya ndege zenye mgandamizo (zinazosukumiwa hewa ndani), gesi huongezeka ujazo kwa takriban theluthi moja. Kwenye mita 3,000 huongezeka karibu nusu. Caravan haina mgandamizo wa ndani, hivyo mgonjwa hupanda kimo kilekile inachopanda ndege. PC-12, King Air na Citation zina mgandamizo.

Pitia mwili wa mgonjwa kuanzia kichwani.

Jeraha la fuvu lenye hewa ndani yake, au jicho lililochomwa au lililowekewa gesi wakati wa upasuaji, litajwe kwenye simu. Safari ya aina hii huenda ikahitaji ndege yenye mgandamizo na kibali cha daktari bingwa, au ikaahirishwa.

Mrija wa kupumulia uliopitishwa kooni una puto linalojazwa hewa. Angani puto hilo hutanuka na kubana ukuta wa koo. Ndege ikishuka husinyaa na hewa huvuja. Pima kwa kipimo chake: sentimita 20 hadi 30 za maji, chini kabla ya kuruka, tena baada ya kupanda, tena baada ya kutua. Wengine hujaza maji ya chumvi badala ya hewa. Ukifanya hivyo, andika kwa kalamu nzito kwenye plasta ya mrija, la sivyo atakayempokea ataongeza hewa juu ya maji.

Kifuani ndiko kwenye hatari kubwa kuliko zote. Hewa iliyonaswa kati ya pafu na ukuta wa kifua, hata iwe kidogo na mgonjwa anapumua vizuri wodini, huweza kuliminya pafu na moyo ndege ikipanda. Mgonjwa aliyepata ajali na kuvunjika mbavu apigwe picha ya kifua au apimwe kwa altrasaundi. Ikiwa kuna hewa, mrija wa kifuani uwekwe kabla ya kupanda ndege, kwenye mwanga na nafasi. Usiufunge kwa kibanio wakati wa kuhamisha. Chupa ya maji ikipinduka kwenye machela haifanyi kazi, ndiyo maana timu za ndege hupendelea vali ya njia moja yenye mfuko. Uliza kama wataleta.

Tumbo lililojaa gesi, utumbo ulioziba, au upasuaji wa tumbo wa siku chache zilizopita: weka mrija wa puani hadi tumboni na uuache wazi, ukitiririka kwenye mfuko. Mgonjwa anayetapika akiwa amefungwa chali ni mgonjwa anayevuta matapishi mapafuni.

Mguu au mkono uliofungwa plasta ngumu (hogo) chini ya saa 48 upasuliwe plasta pande mbili, kwa sababu uvimbe huongezeka na hogo halitanuki. Vifaa vya kunyoosha mfupa vinavyojazwa hewa vipunguzwe hewa. Uzito unaoning'inia wa kuvuta mguu haupandi ndege kabisa. Hubembea kwenye misukosuko na kuvuruga mfupa.

Dripu ziwe za mfuko wa plastiki. Chupa ya kioo hupasuka ikianguka, na hewa iliyo ndani hutanuka na kusukuma maji kwa kasi usiyoitaka.

Damu nayo. Mtu mzima mwenye afya akiwa kwenye kimo cha mita 2,400, kiwango chake cha oksijeni kinaweza kushuka hadi kati ya asilimia 90 na 93 bila kujisikia vibaya. Mtoto mwenye malaria kali aliyebakiwa na himoglobini ya gramu 5 hana akiba hiyo. Ikiwa iko chini ya gramu 7 kwa desilita, zungumza na daktari wa ndege kuhusu kumwongezea damu kwanza.

Mjamzito alale akiegemea upande wa kushoto, na apimwe njia muda mfupi kabla ya kuondoka. Kama uchungu umeshika na njia inafunguka upesi, ni heri azalie wodini kuliko ndani ya ndege isiyo na nafasi ya kupiga magoti.

Mpiga mbizi wa Zanzibar au Watamu aliyepata viungo kuuma au kufa ganzi baada ya kupanda haraka kutoka chini ya bahari ana mapovu ya gesi mwilini. Kila mita anayopanda huyakuza. Watu hufikiria ndege yenye mgandamizo itatatua yote, na kweli inaweza kuweka ndani hali kama ya usawa wa bahari ikiruka chini zaidi. Lakini Wilson yenyewe iko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Mlango ukifunguliwa pale, mgonjwa yuko mlimani. Kwa mgonjwa wa namna hii swali la kwanza ni anapelekwa wapi, na jibu bora ni mahali palipo pwani.

Oksijeni: hesabu, usikisie

"Mtungi umejaa" si kipimo. Zidisha ujazo wa mtungi kwa lita na mgandamizo wa geji kwa baa, ukitoa baa 15 za mwisho usizozigusa. Mtungi wa lita 10 wenye baa 137 una lita 1,220 za kutumia. Mtungi mdogo wa lita 2 wenye baa hizohizo una lita 244, na kwa mgonjwa wa lita 10 kwa dakika hudumu dakika 24 tu. Huo mdogo ndio unaopendwa kwa sababu ni mwepesi kubeba, na ndio unaoisha njiani.

Chukua mgonjwa wa Lamu anayetumia lita 10 kwa dakika. Kutoka wodini hadi gatini dakika 20, boti hadi uwanja wa ndege wa Manda pamoja na kupanda na kushuka dakika 25, kukabidhi na kupakia dakika 15. Jumla ni saa 1, lita 600. Ndege ikichelewa saa 1, na huchelewa, zinahitajika lita 1,200. Mtungi mmoja mkubwa uliojaa unamalizika hapo hapo, kwa hiyo beba wa pili. Kuanzia Manda, timu ya ndege hupiga hesabu yake: safari ya dakika 90 na barabara ya Nairobi dakika 40 ni lita 1,300, ongeza nusu yake kama akiba, 1,950. Ni mitungi miwili ya lita 10. Uliza wanayo mingapi. Muuguzi mzuri wa ndege atafurahi kuulizwa.

Jaribu viunganishi kabla ya siku ya siku. Vidhibiti vya mitungi haviko sawa vyote, na kugundua uwanjani kwamba mpira wako hauingii kwenye mtungi wao ni kosa linaloweza kuzuiwa kwa picha moja ya simu iliyotumwa mapema. Usipake mafuta yoyote, wala mafuta ya mgando, kwenye koki au nyuzi za mtungi, wala mikononi kabla ya kuushika. Mafuta na oksijeni yenye mgandamizo huwaka.

Kila kitu kifungwe

Viwango vya ndege kubwa hudai vitu vya ndani vistahimili nguvu ya mbele ya mara 9 ya uzito wake katika ajali. Kwa lugha ya wodini: monita ya kilo 5 iliyowekwa miguuni mwa mgonjwa huwa jiwe la kilo 45 likielekea kichwani kwake. Hakuna kifaa kinacholala juu ya mgonjwa wakati wa kupaa na kutua, hata kwa dakika moja.

Mikanda ya mgonjwa ipite mabegani, kifuani, nyongani na miguuni. Mkanda wa mabegani ndio unaosahauliwa, na bila huo mwili huteleza kuelekea mbele chini ya mikanda mingine. Ifungwe juu ya shuka, na blanketi lisifunike kufuli, ili lionekane na lifunguke upesi. Mtoto hapakatwi, ana mikanda ya saizi yake au kiti chake. Ndugu anayesema atamshika vizuri anasema kwa mapenzi, lakini hakuna mikono inayoweza kuzuia kilo 10 zilizogeuka 90.

Vifaa vya umeme vya wodi yako visiunganishwe na ndege bila ruhusa. Monita na mashine za kupumulia za angani hupimwa zisiingilie redio na vyombo vya rubani.

Uwanja

Mtu mmoja atembee uwanja mzima kwa miguu, mwanzo hadi mwisho, siku hiyohiyo. Anatafuta mashimo ya ngiri, vichuguu, mawe, nyasi ndefu zinazoficha mitaro, na sehemu laini. Kisha gari dogo lipite kwa kilomita 60 kwa saa. Likirukaruka, mwambie rubani. Udongo mweusi wa mfinyanzi hudanganya: juu umekauka, chini ni ugali. Ikiwa mvua imenyesha ndani ya saa 24, taja hilo hata usipoulizwa. Usiseme "uko sawa tu". Sema ulichokiona: "mita 150 za upande wa mashariki zina tope, gurudumu linazama vidole vitatu".

Kwa upepo, kitambaa kirefu kwenye mti kinatosha, au moshi mdogo mbali na nyasi kavu na mafuta. Weka watu wawili kila upande wa kuzuia mifugo, pikipiki na watoto, na wabaki pale hadi ndege ipae tena. Wengi huondoka baada ya kutua, na ng'ombe huvuka wakati wa kuruka.

Helikopta inahitaji angalau mita 30 kwa 30 mchana, bila nyaya. Waya wa umeme hauonekani kutoka juu, hivyo utaje kwa upande: "waya uko kaskazini, mita 80". Mwagia maji penye vumbi. Ondoa mabati, mashuka, kofia na magodoro.

Kumsogelea na kumpakia

Ambulensi ikae angalau mita 15 kutoka ndegeni na isirudi nyuma kuielekea isipokuwa mmoja wa wahudumu wa ndege anaiongoza kwa mikono, dereva akimwona. Ndege hubomolewa na magari mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na ndege iliyogongwa bawa hairuki tena siku hiyo.

Hakuna anayesogea hadi injini izimwe na propela isimame kabisa. Propela inayozunguka haionekani. Kisha mfikishe mgonjwa kwa njia ya nyuma ya bawa, kuelekea mlango wa kushoto nyuma, ambako Caravan na PC-12 hupakia. Kwa helikopta ni kinyume: nenda kwa mbele au pembeni, rubani akikuona na akikuita, kamwe si mkiani, kamwe si kutoka upande wa juu wa mteremko. Stendi ya dripu na mikono ibaki chini ya mabega. Mfuko wa dripu ulazwe kifuani mwa mgonjwa.

Anayetoa amri ya kuinua ni mmoja, wa timu ya ndege. Hesabu mirija kwa sauti kabla na baada ya kuinua: wa kupumulia, dripu mbili, mkojo, kifua. Mirija mingi hung'oka mlangoni, machela ikipinda.

Wakati huo mtu mwingine apekue mzigo wa msindikizaji. Kiberiti, mafuta ya taa, jiko, petroli kwenye chupa ya maji, dawa ya wadudu: vyote vinabaki. Pekua na begi la hospitali pia. Mashine ya zamani ya presha au kipimajoto chenye zebaki hakipandi, maana tone la zebaki likivuja hula aluminiamu ya mwili wa ndege. Betri za akiba za litiamu zipande ndani, ncha zake zimefunikwa kwa plasta.

Rubani akisema hapana

Mnamo 2006 bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, NTSB, ilitoa ripoti juu ya ajali 55 za ndege za tiba zilizotokea kati ya Januari 2002 na Januari 2005. Miongoni mwa iliyoyadai ni kila safari ipimwe hatari zake kwa utaratibu kabla ya kuondoka. Kanuni mpya za helikopta za wagonjwa za nchi hiyo, zilizotolewa 2014, zikalifanya hilo sharti. Sababu inaeleweka na kila aliyewahi kusimama karibu na mama anayelia: huruma humsukuma mtu kuruka ndani ya wingu ambalo angelikataa akiwa na mzigo wa mahindi.

Kwa hiyo usimwambie rubani kuwa ni mtoto, kuwa ni mtu mkubwa serikalini, kuwa atakufa asipofika usiku huu. Mpe uzito, maambukizi, fujo, kimo anachoruhusiwa mgonjwa na hali ya uwanja. Mengine ni ya daktari wa ndege. Kwenye timu, mmoja akisema hapana, safari haipo, na hahojiwi na ndugu wala na mganga mkuu.

Ndiyo maana mpango wa barabara uandaliwe sambamba, tangu simu ya kwanza: dereva yuko tayari, tangi limejaa, mitungi ya oksijeni imepigiwa hesabu ya barabara, ambayo ni ndefu zaidi. Jibu la hapana likija saa kumi na moja jioni, ambulensi iondoke saa kumi na moja na robo.

Ndege ikipaa, walinzi wa uwanja wabaki dakika 15, kwa sababu hitilafu ya mapema humrudisha rubani kwenye uwanja uleule. Piga simu hospitali inayopokea, taja saa ya kuondoka kwa tarakimu nne, kisha peleka mitungi ikajazwe siku hiyohiyo.